Masika ya tezi ya shemeji

Jumatatu, 9 Februari 2026

Inatangazwa kwa wakazi wote wa ua huu, wapangaji, wageni, kuku, na wengine wote wenye haki ya kutangaziwa, kwamba leo asubuhi, mbele ya mashahidi waaminifu, choo chetu kimevikwa mlango mpya. Mlango ni wa bati, rangi ya buluu. Fundi Munyemana ameuchomelea kwa ustadi mkubwa, isipokuwa bawaba, ambazo zinalia kama mbuzi aliyesahauliwa kwenye mvua. Mwenye nyumba, shemeji yangu Mzee Sultani, aliufungua, akaufunga, akasema, "Iko muzuri," na sherehe ikaishia hapo.

Mimi ni Hakimu, natengeneza simu na redio karibu na msikiti hapa Kamembe. Sultani anashona kanzu, na ndiye aliyemwoa dada yangu, ambaye mji mzima unamwita Maman Umwali kwa jina la binti yake mkubwa. Walinipa chumba cha nyuma, kinachopakana na choo. Mtu aliyepewa ukuta kama huo asipoandika atasema, na nikisema dada atanifukuza.

Jumanne, 10 Februari

Mvua.

Alhamisi, 12 Februari

Mvua. Bawaba zimelia usiku kucha. Kwanza nilidhani ni upepo. Lakini upepo hauvai kandambili.

Jumapili, 15 Februari

Jirani yetu wa mbele ni Maman Drocella, muuza sambaza, wale dagaa wa ziwani. Alikulia Bukavu, akarudi na wazazi wake akiwa msichana, na hadi leo anaongea kama soko zima la kule ng'ambo ya mpaka limo kinywani mwake. Leo, akitoka kanisani, alinishika mkono.

"Hakimu, shemeji yako iko muntu wa Mungu."

"Ameshafanya nini tena, maman?"

"Ile taa ya baraza. Usiku inawaka, inazimika, inawaka. Miye naamkaka mapema kupokea samaki, nakuta inawaka. Mvua ikiniamsha katikati, inawaka. Ule mzee anasalika usiku muzima." Akashusha sauti. "Nimemwambia Nshimiyimana: angalia, Muislamu anaombea muji yote, na weye Mukristo unakoroma."

Nshimiyimana ni mume wake. Alikuwa nyuma yetu amebeba mwavuli, akaangalia chini kama mtu anayekubali makosa.

Ningeweza kumwambia Drocella kwamba taa inawaka kwa sababu njia ya kwenda chooni inateleza. Sikumwambia. Nilitaka kuona jambo hili litafika wapi.

Alhamisi, 19 Februari

Funga ya kwanza. Mvua imefunga nasi.

Jumanne, 24 Februari

Lile jambo la taa limefika msikitini. Drocella alimwambia mteja wake mmoja wa samaki, mteja akamwambia mume wake, na leo kwa Sultani alikuja mtu kuchukua kanzu ya Idi, akaomba ashonewe na dua ndani yake. Nilikuwa nimekaa pale dukani nikikwepa mvua. Nilimtazama shemeji nione atamjibu nini. Akaweka mkono juu ya kitambaa, akasema kwa sauti ya chini ambayo sijawahi kumsikia nayo: "Mungu akubariki."

Nikasema moyoni: mzee huyu, sifa imeanza kumpendeza.

Jumamosi, 28 Februari

Shemeji ameanza kutembea polepole, hatua fupifupi. Watu wanasema ni unyenyekevu. Mimi nasema ni kibofu.

Jumatatu, 2 Machi

Nimeongea naye. Nilisubiri dada aende sokoni, nikaingia dukani, nikajifanya natafuta sindano.

"Mzee, mlango ule unalia sana."

"Tia mafuta."

"Nikitia mafuta sitajua tena umeamka mara ngapi."

Akaacha cherehani. Sultani akikukasirikia hapazi sauti. Anakupima, kama anakata kitambaa cha sanda yako.

"Ni uzee," akasema.

"Na kule kusimama hapo ukutani, unasubiri, mkojo hautoki, unatoka kidogo?"

"Weye unasikilizaka mpaka ile?"

"Ukuta ni mwembamba. Nenda hospitali, mzee. Ni kipimo cha damu tu, cha tezi dume."

"Nimefunga."

"Baada ya Idi?"

Akaanza tena kukanyaga cherehani. Nikaondoka bila sindano. Nikiwa mlangoni akasema, bila kugeuka: "Hakimu. Nikienda, bataniuliza naumwa nini. Nikisema, batajua ile taa ilikuwa ya nini."

Ndipo nilipoelewa. Mtu huyu anaweza kufa kwa sababu ya sifa njema. Na mimi nilikuwa nimekaa nikitazama ikikua, kama mtu anayemwagilia magugu ili ajue majina yake.

Ijumaa, 6 Machi

Balaa limepanda cheo. Hadji Munyaneza, mwenyekiti wa kamati ya msikiti, amekuja nyumbani wakati wa futari na tende. Anataka Mzee Sultani, Jumamosi ya wiki ijayo baada ya swala ya alasiri, awasomeshe watu juu ya kisimamo cha usiku, ile swala ya usiku wa manane, maana kumi la mwisho la Ramadhani linaingia na vijana wamekuwa wavivu.

"Wewe ndiye unayejua utamu wake," Hadji akamwambia.

Shemeji alimeza tende pamoja na kokwa.

Jumapili, 8 Machi

Mvua. Anafanya mazoezi ya hotuba. Nimemsikia kupitia ukuta. Anafika "Ndugu zangu," halafu bawaba.

Jumatano, 11 Machi

Dada ameniuliza kama mume wake ana mwanamke mwingine, kwa jinsi anavyokonda. Nikasema hapana. Akasema, "Basi ni nini?" Nikasema ni funga. Yeye pia anafunga na hajakonda, akaniambia, na akanitazama kwa muda ambao sikuupenda.

Jumamosi, 14 Machi

Niandike polepole, maana mambo kama haya hayatokei msikitini kwetu.

Baada ya alasiri watu hawakuondoka. Nje mvua ilikuwa inapiga mabati hadi ilibidi Hadji Munyaneza apige kelele. Akamsifu Sultani kwa maneno mengi. Akataja taa. Akasema kuna hata jirani Mkristo aliyeshuhudia, na ushahidi wa jirani Mkristo hauna upendeleo. Vijana wakageuka kumtazama mzee. Nilikuwa safu ya nyuma, karibu na viatu. Nilichagua pale ili niwe wa kwanza kutoka.

Sultani akasimama. Alivaa kanzu aliyojishonea mwenyewe, ile ya shingo ya kijivu. Akashika nguzo. Nilifikiri: sasa atadanganya, na atadanganya vizuri, na tutamzika mwaka kesho na sifa zake zote.

"Bazee na ndugu," akasema. "Banasema taa yangu inawakaka usiku. Ni kweli. Inawakaka juu ya kwenda ku choo."



"Kuko usiku mwingine nimesali. Siwezi kujikana kabisa. Lakini mara mingi naendaka kukojoa, narudi, nalala, naamka tena. Mungu anajua. Na shemeji yangu Hakimu anajua, juu chumba yake iko karibu."

Watu wakageuka kunitazama mimi. Viatu vilikuwa hapo hapo na sikuweza kutoka.

"Muliniheshimu na nikanyamaza, juu heshima iko tamu. Lakini sasa niko na woga. Iko kitu ndani yangu, sijuwe ni nini. Nilitaka kuenda ku hospitali nikaona haya, juu batu batasema: kumbe. Basi, semeni kumbe. Nitaenda kisha Idi. Hadji alitaka nifundishe kuamka. Miye kuamka najua. Ile ningine, ulizeni wenye kuijua."

Akakaa.

Hakuna aliyecheka. Hadji alikuwa anafuta miwani ambayo haikuwa na uchafu. Imamu wetu, ambaye ni mtu wa maneno machache, akasema kwamba somo la leo limetimia, na kwamba mwenye shida kama hiyo asijifiche nyuma ya ibada, aende kwa daktari, na asiyeweza kwenda peke yake aseme asindikizwe.

Dada alikuwa upande wa wanawake, nyuma ya pazia. Njiani alimfunika mume wake kwa mwavuli, yeye mwenyewe akalowa.

Nilikosea juu ya mtu huyu. Naandika mara moja ili nisilazimike kulisema.

Jumapili, 15 Machi

Drocella amekuja, mikono kiunoni.

"Miye nilimwamsha Nshimiyimana mwezi muzima asali, juu ya mukojo?"

"Hakuna aliyekuambia umwamshe, maman."

"Na weye ulikuwa unajua."

"Nilikuwa nasikia tu. Kusikia si kujua."

Akanitupia neno la Kimashi, lugha ya huko Bukavu, ambalo sitaliandika. Jioni alileta sahani ya sambaza za futari, kwa ajili ya Sultani tu, akasisitiza.

Jumatatu, 16 Machi

Kazi ya kanzu za Idi ilikwisha kufungwa, lakini leo duka la shemeji limejaa wanaume waliokuja kupimwa. Anapima mabega, anapima mkono, na akifika shingoni mteja anainama sikioni mwake.

"Mzee, ile jambo. Yako inachomaka?"

"Hapana. Inakawia tu."

"Yangu pia inakawia."

"Basi twende pamoja. Mukono urefu gani?"

Kufikia alasiri alikuwa na vipimo vya shingo vya nusu ya msikiti na hakuna hata mmoja aliyenunua kitambaa.

Ijumaa, 20 Machi

Idi. Pilau. Mvua ilitupa asubuhi nzima kavu, kwa adabu.

Jumatano, 25 Machi

Tumekwenda hospitali, kundi la kofia, na Nshimiyimana kati yetu kichwa wazi. Kwenye labo yupo Laurence, msichana wa Nkanka, ambaye nimemtengenezea simu mara nyingi kwa sababu huiweka mfuko mmoja na funguo. Alipotuona alisimama.

"Mumekuja kuzika nani?"

"Tumekuya kutoa damu," akasema Sultani, na akakunja mkono wa kanzu kabla hajaombwa.

Jumatatu, 30 Machi

Majibu ya damu. Wengi wako salama. Nshimiyimana yuko salama na amerudi kukoroma. Kipimo cha tezi dume kwenye damu ya Sultani kimepanda, si sana, ila kimepanda. Atamwona Daktari Rutayisire, mtaalamu wa njia ya mkojo anayeteremka hapa kutoka Kigali mara moja kwa mwezi.

Alhamisi, 2 Aprili

Daktari amemdunga sindano ndogondogo ndani ya tezi dume na kuchomoa vipande vyembamba kama uzi. Vimeingizwa kwenye vichupa, vinakwenda maabara kubwa kule Kigali. Shemeji amepanda pikipiki ya kurudi akiwa amekaa upande, kama mwanamke aliyevaa kitenge. Nilimwambia hivyo. Alinijibu kwamba akipona nitakaa mimi hivyo.

Jumatano, 8 Aprili

Wiki ya kumbukumbu ya mauaji ya kimbari. Maduka yanafungwa mapema, na watu wanaongea kwa sauti ya chini.

Alhamisi, 16 Aprili

Majibu si ndiyo wala si hapana. Hospitali ilimwita, nikaenda naye.

Karibu vipande vyote ni safi, vina uvimbe wa kawaida wa wanaume wa umri wake. Uvimbe huo ndio uliokuwa ukimwamsha, na amepewa vidonge vyake. Lakini kwenye kipande kimoja kuna vijitezi vichache vyenye sura mbaya. Vichache mno kuvihukumu. Vinaweza kuwa kansa changa, vinaweza kuwa vimekunja uso tu. Maabara itavipaka rangi maalumu ili ijue.

Kwa hiyo kilichomwamsha si kile kinachotutisha. Kile kinachotutisha, kama kipo, hakijawahi kumwamsha hata mara moja. Kimekaa kimya muda wote. Bila ule uvimbe wa kijinga hakuna ambaye angekwenda kukitafuta.

"Sasa nishukuru mukojo?" akauliza njiani.

"Shukuru kimoyomoyo."

Jumapili, 19 Aprili

Laurence ameleta simu, funguo zimeshinda tena. Nikamwomba anieleze hiyo rangi inatafuta nini. Akachukua kipande cha karatasi ya katoni.

"Ndani ya seli kuko jeni mbili zinakaa karibu karibu. Ya kwanza inasikilizaka homoni ya kiume. Homoni ikikuya, inaamka. Ya pili inasukumaka seli ikue, lakini ndani ya tezi dume imelala, haina kazi pale. Sasa siku moja kipande ya katikati inakatika, inapotea, na ncha mbili zinashikana. Kuanzia pale ile ya pili inatii homoni ya ile ya kwanza."

Nikamwomba asubiri, nikachora. Swichi ya taa ya baraza yetu. Kinu cha umeme cha kusaga mihogo kule chini barabarani. Fundi mlevi anakata waya katikati, anaunga swichi na kinu. Sasa kila Sultani akiamka kuwasha taa aende chooni, kinu kinasaga.

"Ndiyo," akasema Laurence. "Na haina mutu wa kukizima. Homoni inakuya kila siku."

Ya pili inaitwa ERG. Ya kwanza ina jina linalofanana na namba ya plaki ya gari, nimelinakili na nimelisahau. Rangi ile haioni mahali waya zilipoungwa. Inaona unga: kitu ambacho ERG inatengeneza. Seli zenye kinu kilichounganishwa zinakuwa za kahawia. Na mishipa ya damu huwa ya kahawia siku zote, kwa mtu yeyote, ndivyo fundi wa Kigali anavyojua kwamba dawa yake imeshika.

Jambo lililonikaa zaidi ni hili: kule kuungana hutokea mapema, katika seli za mwanzo kabisa za kansa, kabla uvimbe haujaonekana kwa jicho lolote.

Jumatatu, 20 Aprili

Nimemweleza dada. Nilimweleza vizuri, kwa mchoro. Akauliza: kama iko kwenye jeni, si itakwenda kwa watoto? Nikasema ndiyo, bila shaka, jeni ndiyo urithi wenyewe. Nilisema kwa utulivu wa mtu aliyekwisha soma kurasa mbili.

Akawapigia simu wanawe wawili walioko Bugarama. Mmoja alikuwa juu ya lori la saruji. Alilia nao wote.

Jumanne, 21 Aprili

Laurence amenikuta njiani na hakunisalimia.

"Ni nani alikuambia batoto banarithi?"

"Wewe ulisema jeni."

"Nilisema ndani ya seli moja, ndani ya tezi, muntu amesha kuwa mukubwa. Ile fundo hakuzaliwa nayo. Itakufa naye, haiendi kwa batoto. Kansa ya tezi inaweza kutembea ndani ya familia kwa njia ingine, kwa hiyo bakipita miaka makumi ine bapimwe. Lakini fundo ni yake peke yake. Sasa uende useme ile kwa dada yako na kichwa chini."

Nilikwenda. Dada alisikiliza hadi mwisho, akawapigia wanawe tena. Chakula cha jioni kilikuwa kwa walioolewa na waliooa; mimi, kapera, nilikunywa maji.

Ijumaa, 24 Aprili

Mvua kubwa. Mlima umeshuka barabarani ndani ya msitu wa Nyungwe. Mabasi ya Kigali yamelala njiani.

Jumamosi, 25 Aprili

Barabara bado.

Jumatatu, 27 Aprili

Barabara imefunguliwa upande mmoja. Majibu hayakuwa kwenye basi. Hayakuwahi kuwa kwenye basi, Laurence ananiambia, siku hizi yanatumwa kwa kompyuta. Siku zote hizi nimekwenda stendi kuangalia mabasi.

Vidonge vinafanya kazi. Bawaba zinalia mara moja tu usiku, na sasa mimi ndiye nisiyelala, nikisubiri ya pili.

Jumanne, 5 Mei

Mvua ya alasiri ilinifungia dukani kwa shemeji. Alikuwa anapindia shingo ya kanzu. Bila kuinua macho akauliza:

"Ilianza lini?"

"Hatujui kama ipo, mzee."

"Kama iko. Ilianza lini? Nguo ikiharibika ku mukono yangu, narudi nyuma, naona pahali uzi uliruka."

"Laurence anasema inaweza kuwa miaka mingi. Hakuna anayejua."

Akashona kidogo. "Arusi ya Umwali. Nilicheza mbele ya bakwe, nikacheka mpaka nikakaa chini. Kama ilikuwa ndani tangu ile siku, ile furaha ilikuwa ya kweli?"



"Pilau ilikuwa ya kweli," nikasema. "Nilikula sahani mbili, na ya tatu nikaificha."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilifikiri analia. Alikuwa anacheka, sindano iko mdomoni, na ilibidi nimwambie aitoe.

"Tulitafuta ile sahani," akasema. "Maman Umwali alimushitaki mupishi."

Alhamisi, 7 Mei

Mvua nyepesi, ya kuaga.

Jumapili, 10 Mei

Jua. Nyanya za Nyakabuye zimejaa sokoni. Drocella ameniambia anamwombea Sultani kila jioni, na Nshimiyimana pia, "kwa mapenzi yake mwenyewe, sikumuamsha."

Jumanne, 12 Mei

Laurence alikuja dukani kwangu bila simu. Nikajua.

Vijitezi vile vimeshika rangi ya kahawia. Ni kansa. Kinu kimeungwa na swichi. Ni ndogo sana, kwenye kipande kile kimoja tu, na ya daraja la chini kabisa. Daktari atatueleza keshokutwa, siku yake ya kuteremka. Laurence alikuwa ametoka kumwambia Sultani mwenyewe kwanza, kama inavyotakiwa, na Sultani ndiye aliyemtuma kwangu, maana "ule hatalala kama hajui."

Nikamkuta dukani anafunga madirisha. Nikataka kusema kitu, nikaanza na takwimu. Nikamwambia kwamba kule Ulaya kuungana huko huonekana kwa karibu nusu ya wenye kansa hii, lakini kwetu Afrika ni kwa wachache zaidi, na hata waliopimwa ni wachache.

"Ata kansa yangu iko ya Kizungu," akasema. Akafunga kufuli. "Twende nyumbani. Maman Umwali anapika ndizi."

Dada alikuwa ameketi karibu na jiko. Alikuwa amekwisha lia na kuosha uso. Akatupakulia sote, na mimi pia, kipande kikubwa cha samaki.

Alhamisi, 14 Mei

Tumeingia kwa daktari watu watatu. Kuna viti viwili. Nilisimama.

Daktari Rutayisire ni mtu mwembamba mwenye Kiswahili cha polepole, alichojifunzia kwa wagonjwa. Akageuza kompyuta ili Sultani aone. Kulikuwa na vidoa vya kahawia, vichache, kama mtu alimwaga chai kwa uangalifu.

"Hii ndiyo yote?" Sultani akauliza.

"Hii ndiyo yote tuliyoiona. Mapema hivi hatupati mara nyingi, mzee. Wengi wanakuja mgongo ukiwa umeanza kuuma, na hapo imeshatoka nje ya tezi."

"Basi ikate."

"Tunaweza kukata. Ukikatwa unaweza kuvuja mkojo, na mambo ya ndani ya ndoa yanaweza kuharibika. Kansa ya namna hii, kwa wanaume wengi, inakaa pale pale hadi wanakufa kwa kitu kingine. Ningependa tuiangalie. Damu kila baada ya miezi kadhaa, sindano tena mwakani. Ikianza kutembea, tutaishika ikiwa bado karibu."

Shemeji akafikiri. Huyu ni mtu ambaye akiona uzi mmoja umeruka hufumua mkono mzima.

"Munaiona, na munaiacha?"

"Tunaiangalia, mzee. Kuiacha ni kile ulichokuwa unafanya kabla ya Idi."

Dada akacheka kwanza. Kicheko kidogo, cha pua, cha kwanza tangu mvua ianze, na mume wake akamgeukia kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa. Akaweka mkono juu ya mkono wake, mbele ya daktari na mbele yangu, jambo ambalo katika miaka yote niliyokaa nyuma ya ukuta wao sijaliona.

"Sawa," akasema Sultani. "Tuiangalie. Nitakuya kila mara. Na ile bazee ya musikiti nitakuya nayo."

Daktari akaandika tarehe ya kurudi. Wakasimama. Mimi nilikuwa na swali langu, nililolitengeneza karibu mwezi mzima, na niliona kama nisipouliza sasa nitakuwa nimesoma bure. Nikatoa ule mchoro wa swichi na kinu, nikauweka mezani. Daktari akautazama kwa heshima, akasema ni sahihi, akasema ni ile rangi iliyomsaidia kuwa na hakika kwamba vijitezi vile ni kansa.

"Sasa, daktari," nikasema, "kwa kuwa tunajua jeni hizi mbili zimeungana, matibabu yake yanabadilika namna gani?"

Akanirudishia katoni yangu.

"Hayabadiliki," akasema. "Kwa leo, mwenye muungano na asiye nao tunawatibu sawasawa."